Sampuli Namba Kumi na Saba

Ujumbe wa Neema, mwanafunzi wangu wa zamani, uliingia kwenye simu yangu asubuhi nikiwa sokoni Morogoro, nao haukuwa na nukta wala mkato: "Madam shikamoo mama Mwanaidi amefariki jana tunazika leo saa saba". Nilisimama katikati ya njia na kikapu mkononi, nikausoma mara tatu, nisijue nimlilie nani. Mama Mwanaidi angeweza kuwa yule mzee aliyemzaa Mwanaidi, mwenye nyumba niliyopanga Singida nilipokuwa na miaka ishirini na sita. Lakini Neema, tangu awe mtu mzima, humwita Mwanaidi mwenyewe "mama" kwa heshima, kama tunavyomwita mwanamke yeyote mwenye watoto. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, haipatikani. Kwa muda wa saa mbili sikujua ni yupi kati yao aliyekufa, na hadi leo naona haya kukumbuka kwamba katika saa hizo mbili nilijikuta nachagua. Nilimwomba Mungu awe yule mzee. Umri wake haukuwa sababu. Kulikuwa na neno ambalo nilipaswa kumwambia Mwanaidi tangu mwaka ule, na nilikuwa sijalisema. Neema alipopokea hatimaye, nyuma yake nikasikia vilio. "Ni bibi, madam," alisema. "Mwanaidi yupo hapa." Nikakaa juu ya gunia la muuza viazi, nikalia, na hata kwenye kilio chenyewe sikujua ni huzuni au ni nafuu.

Mwaka ule ulikuwa wa kwanza kwangu kufundisha, na wa kwanza kwa chuo chetu kidogo cha Singida kupokea wanafunzi wa shahada. Nilipewa somo la bayokemia kwa vitendo, na chumba kilichokuwa stoo ya mashudu ya alizeti kabla hakijapakwa rangi na kuitwa maabara. Harufu ya mashudu haikutoka. Wakati wa mvua ilipanda kutoka kwenye sakafu ikachanganyika na ya spiriti, mpaka sasa nikipita karibu na kinu cha mafuta nahisi kama nimechelewa kipindi. Meza zilikuwa nne, sinki moja, na kabati ambalo ufunguo wake alikuwa nao Mzee Ntandu, fundi wa maabara, mtu mpole aliyevaa koti jeupe lililofuliwa hadi likawa la kijivu. Protini safi tuliyoagiza kwa ajili ya mazoezi haikufika muhula mzima, kwa hiyo Mzee Ntandu alileta mayai ya kuku wake wa kienyeji, tukatenganisha ute na kiini, tukaupunguza ute kwa maji ya chumvi, na huo ndio ukawa kipimo chetu cha kulinganishia.

Nilipenda kufundisha kuliko nilivyotarajia. Wiki za mwanzo niliwaambia wanafunzi walete chochote cha kuliwa kutoka makwao, tukakitia magadi makali na matone ya mrututu ulioyeyushwa, ile chumvi ya shaba ya buluu, tukasubiri tuone kama buluu itageuka zambarau. Wakaleta maziwa, dengu, uji wa uwele, mashudu. Kijana mmoja wa Rungwa akaleta asali. Nikamwambia mbele ya darasa kwamba asali haina protini ya kuonekana kwa kipimo hiki, na tyubu yake ikageuka zambarau hafifu. Darasa likacheka. Nikachanganyikiwa kabisa, nikarudia, ikawa vilevile. Mzee Ntandu ndiye aliyeinamisha chupa kwenye mwanga akatuonyesha vipande vya majana, watoto wa nyuki, vilivyosagwa wakati wa kukamua. Nikaandika ubaoni, nikiwa najiona nina busara sana: Kipimo kinasema protini ipo. Hakisemi imetoka wapi. Wanafunzi wakanakili. Labda na mimi ningepaswa kunakili.

Nilipanga chumba cha mbele nyumbani kwa mzee huyo aliyefariki, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwanaidi. Neema, mmoja wa wasichana watano katika darasa langu la watu thelathini na mmoja, alipanga chumba kidogo cha uani. Mwanaidi alikuwa na mimba ya kwanza, amerudi kwa mama yake kusubiri kujifungua kwa sababu mume wake alikuwa Sekenke, kwenye mashimo ya dhahabu. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati. Ukikohoa chumba cha mbele, mtu wa chumba cha mwisho anakupa pole. Jioni tulikula pamoja, ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maziwa ya mgando, na Mama Mwanaidi alikuwa hanipi nafasi ya kukataa: "Kula, mwalimu. Utawafundishaje watoto wa watu na tumbo tupu?" Baada ya kula, mama na binti waliendelea kuongea jikoni kwa Kinyaturu. Mimi si mtu wa kule. Nilikuwa nadaka neno moja moja la Kiswahili lililopita katikati, kichwa, miguu, kliniki, kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya, halafu narudi kusahihisha daftari zangu.

Zoezi la tano lilikuwa la kutafuta protini kwenye mkojo. Ni zoezi la zamani na rahisi: unajaza tyubu, unapasha moto sehemu ya juu kwenye taa ya spiriti, ukiona wingu jeupe unadondoshea asidi ya siki. Wingu likitoweka, ilikuwa chumvi tu. Likibaki, ni protini, na mkojo wa mtu mzima mwenye afya hautakiwi kuwa nayo. Kila mwanafunzi alete wake, niliwaambia, na atapewa namba. Kisha, kwa sauti ileile niliyotumia kutaja vipimo vya asidi, nikasema mbele ya wavulana ishirini na sita kwamba msichana aliye kwenye siku zake aje aniambie asilete, maana damu itaharibu majibu. Nilijiona mwalimu wa kisasa. Hakuja hata mmoja. Niliona ni bahati tu kwamba wote watano wako salama.

Siku ya zoezi, Alhamisi, tulipanga tyubu. Mimi mwenyewe nilitengeneza moja ya mfano, mkojo uliotiwa ute wa yai kidogo, ili waone wingu la kweli linavyokuwa. Tulipopasha moto, ya mfano ikaganda kama ilivyotakiwa. Na namba kumi na saba ikaganda. Wingu lake lilikuwa zito, jeupe kama maziwa yaliyokatika. Nikadondoshea asidi ya siki. Wingu halikutoka. Namba kumi na saba ilikuwa ya Neema.

Wanafunzi walipoondoka nilibaki na Mzee Ntandu tukitazama zile tyubu mbili. Nilijaribu kukumbuka mikono yangu ilivyopita asubuhi ile. Je, kile kibomba cha kudondoshea nilikisuuza baada ya kugusa ute wa yai, au nilikichovya moja kwa moja kwenye chupa ya kumi na saba? Nilikumbuka nikisuuza. Nikakumbuka pia nikitaka kusuuza na mtu akaniita. Kumbukumbu zote mbili zilikuwa wazi.

"Mwalimu," alisema Mzee Ntandu, "tulitengeneza moja. Zimeganda mbili."

"Kibomba kilikuwa kimoja, mzee. Nafikiri nimechafua."

Akatazama tyubu muda mrefu. "Kuchafua kidogo kunagandisha hivi?"

"Sijui," nikasema, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyosema mwaka ule.

"Basi sawa. Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaanza kuosha. Kwa kuosha huko mabaki yote yakaenda sinki, na ushahidi nao.

Hata hivyo nilimwita Neema ofisini. Nikamuuliza kama yupo kwenye siku zake. Akasema hapana, akitazama sakafu. Nikamuuliza, kwa aibu, kama ni mjamzito. Akasema hapana, machozi yakamtoka. Ofisi yangu ilitenganishwa na ukumbi kwa ubao mwembamba, na kufika jioni darasa zima lilikuwa linajua kwamba Neema ana mimba au ana figo mbovu, inategemea ulimuuliza nani. Jumatatu akaleta sampuli nyingine bila kuombwa, akaiweka mezani kwangu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Nikaipasha moto mbele yake. Safi kama maji ya mvua. Mkuu wa idara alikuwa amesikia maneno ya darasani, akaniita akanisema kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: mwalimu mzuri hamwaibishi binti wa watu kwa makosa ya mikono yake mwenyewe. Nikakubali. Nikaandika kwenye daftari la maabara kwamba sampuli namba kumi na saba iliingiliwa na ute wa yai. Niliandika kwa wino.

Wiki hiyo sikuwa mtu wa kufurahisha. Nilisuuza vyombo mara tatu tatu, nikarudia hesabu ambazo hazikuwa na shida. Nyumbani nilikuwa nakula na kuingia chumbani mapema. Kupitia juu ya ukuta mazungumzo ya jikoni yaliendelea, na sasa yalikuwa na maneno mengine ya Kiswahili ndani yake. Nyota. Macho. Viatu havipiti. Siku moja nilimsikia Mama Mwanaidi akicheka akisema kwa Kiswahili, labda kwa jirani aliyekuja, kwamba miguu ikivimba hivyo ni mtoto wa kiume, tena mnene. Mwanaidi akajibu kitu kwa Kinyaturu, sauti yake ikiwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa. Mara ngapi nimejiuliza kama nilisikia nikaelewa, au nilisikia tu. Nilikuwa nimesoma kwamba uvimbe na kichwa na macho na protini kwa mjamzito ni ndugu wa damu. Nilikuwa na vipande vyote ndani ya nyumba moja. Lakini kipande cha protini nilikuwa nimekwisha kukifuta kwa wino, na kilichobaki kilikuwa mama na binti yake wakiongea jikoni kwao.

Jumamosi ya wiki ya pili nilimkuta Neema uani anafua. Nikachukua beseni langu nikakaa karibu naye, kwa sababu nilikuwa nimeamua kumwomba radhi.

"Neema, nisamehe," nikasema. "Kosa lilikuwa langu. Nilitumia kibomba kimoja kwenye yai na kwenye chupa yako. Nimeandika hivyo na kwenye daftari."

Akaacha kufua. Povu likamtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Madam, usiseme hivyo."

"Ndiyo ukweli."

"Siyo ukweli. Haukuwa wangu." Akaanza kulia. "Nilikuwa kwenye siku zangu, nikashindwa kuja kukuambia, wavulana wote walikuwa wanatuangalia nani atasimama. Nikamwomba Mwanaidi. Akanipa. Tulicheka, madam, tulidhani ni mchezo."

Niseme lililotokea kwanza, kwa kuwa sijawahi kulisema popote. Kwanza nilifurahi. Kwa kitambo, labda cha pumzi mbili, moyo wangu uliruka kwa furaha kwamba mikono yangu ilikuwa safi, kwamba kibomba nilikisuuza, kwamba kipimo changu kilifanya kazi. Nikakaribia kucheka. Halafu nikainua macho. Mwanaidi alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, uso umemuumuka, anafinya macho akitutazama kwenye jua lile la saa nne kama anayetafuta watu walioko mbali.

Nilikimbia na sabuni mikononi. Nikasema, "Mwanaidi, simama twende hospitali." Mama yake akatoka ndani akauliza kuna nini, nikasema ni mkojo, nikasema ni presha, nikasema sijui, twendeni tu. Bajaji ya jirani ikatupeleka. Presha yake ilipopimwa muuguzi aliipima tena, kisha akaita mwenzake bila kutuambia kitu. Mchana Mwanaidi akashikwa na degedege wodini, kile wanachokiita kifafa cha mimba, na wakamfanyia upasuaji. Mtoto alikuwa wa kiume, wa miezi saba. Aliishi siku mbili. Mwanaidi alilala pale wiki mbili, akapona.

Kwenye korido ile nilisikia mambo mawili. Daktari, akipita na majalada, alimwambia muuguzi kwamba wangemleta wiki iliyotangulia mambo yangekuwa mengine. Baadaye mkunga mmoja mtu mzima, aliponiona nimekaa chini, akaniambia nisijitese, kwamba ugonjwa huu una ujanja, huweza kupanda kwa siku moja kwa mtu aliyekuwa mzima jana. Wote wawili walikuwa wanajua kazi yao. Nimewahi kuamini wa kwanza kwa mwaka mzima, na wa pili kwa mwaka mwingine, na kuna siku nimewaamini wote wawili kati ya asubuhi na chakula cha mchana.

Siku chache baada ya Mwanaidi kurudi nyumbani, mama yake alichinja kuku. Akanitengea finyango kubwa, akanikaribisha kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, ungekuwa hujamwona mwanangu pale mlangoni, ningezika wawili." Neema alikuwepo. Tulitazamana juu ya sinia. Nilijua huo ndio wakati wa kusema kwamba mkojo wa mwanao ulikaa mezani kwangu, nikauona, nikaukataa, nikalala siku tisa. Mdomo nilifungua. Nikaingiza ugali. Tangu siku hiyo Neema na mimi hatukuzungumza jambo hilo, ila siku moja tu aliponiomba nisimwambie mtu, nami nikamwahidi haraka mno, kama mtu aliyekuwa anasubiri kuombwa. Muhula ulipokwisha nilipata nafasi Morogoro, nikahama. Mama Mwanaidi alinifungia karanga na kuniombea dua ya safari.

Nilifika msibani siku ya pili baada ya mazishi. Nyumba imeezekwa upya, kuta sasa zinafika juu. Neema, ambaye siku hizi ni mwalimu wa sekondari na ana mvi, alinipokea stendi, akanipa shikamoo kama zamani. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na Mwanaidi alipouona uso wangu aliinuka, akanikumbatia, akawageukia wenzake. "Huyu ndiye dada mwalimu aliyenikimbiza hospitali," akawaambia. "Bila yeye msingenijua." Wakanibariki. Kila baraka ilinikaa vibaya. Nilipoona sitaweza kuvumilia nyingine nikamwomba tuongee pembeni, tukaingia kile chumba cha uani alichokipanga Neema, sasa kimejaa magunia.

Nikamwambia yote. Niliongea haraka, bila mpangilio, kama mwanafunzi anayesoma ripoti anayojua ina kosa: tyubu, namba, kibomba, sampuli ya pili ya Neema, wino, siku tisa. Mwanaidi alisikiliza akitazama mikono yake.

"Siku tisa," akasema.

"Siku tisa."

"Dada, mkojo niliutoa mimi. Nilimpa Neema Alhamisi. Jumamosi ya wiki ya pili ukaja mbio unasema ni mkojo. Unadhani sikuhesabu? Nililala pale wodini wiki mbili, sina wa kunyonyesha. Ningefanya nini kama si kuhesabu?"

Nikauliza kama mama yake alijua.

"Nilimwambia nikiwa bado hospitali. Akasema mwalimu ataongea mwenyewe, tumsubiri. Tukasubiri." Akanyoosha kanga yake magotini. "Ukahama."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi, kwani miaka yote hii nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kisayansi, na maneno ya mkunga, na maneno ya daktari, na hakuna hata kimoja alichokuwa amekiuliza. Nje mtu akaita kwamba wageni wa Ikungi wamefika. Mwanaidi akasimama, akajifunga kanga, akafika mlangoni, akasita.

"Wote mliokuja kuniona mlinipa pole ya mtoto," akasema. "Hakuna aliyeniuliza alikuwa anaitwa nani. Hakufika siku ya saba, ya kupewa jina, lakini jina nilishampa."

Nikamuuliza.

"Shabani," akasema, akatoka kwenda kupokea wageni.